Dakika Saba

Shilingi elfu tatu na mia tano
ndani ya bahasha ya mteja aliyeghairi.
Nimezivusha Digo Road kifuani
kama mtu aliyeazima yai.

Kompyuta yangu ni rika la mjukuu wangu, darasa la sita.
Ukiiwasha asubuhi hukohoa kwanza,
tk, tk, tk,
diski yazunguka kama mtu atafutaye miwani
iliyo usoni mwake.
Dakika saba. Nimezihesabu.
Nishavua buibui, nishafagia,
nishaagiza chai na mahamri mawili,
ndipo hunionyesha uso.

Duka la fundi Mwangoka ni upana wa mlango,
juu ya ngazi, nyuma ya wauza leso.
Alinitandikia diski mbili juu ya gazeti
kama sonara.
"Hii, Bi Mwanasiti, giga mia nne na themanini,
elfu tatu na mia mbili. Jina lake sijapata kulisikia.
Hii nusu yake. Elfu tatu na mia nne.
Hawa nawajua. Dhamana miaka mitatu."

Nusu ya mali, na bei imepanda!
Mimi mtoto wa Kibokoni,
nilianza kupatana bei kabla ya kuota meno.
Nikaishika ile kubwa: nyepesi, ganda la korosho.
"Ndani mna nini?"

Fundi akakuna shingo.
"Moja niliifungua nikakuta chipu moja imegandishwa gundi,
kwengine kutupu.
Yakwambia ina mia nne na themanini. Ukifika sitini
yaanza kuandika juu ya yale ya jana.
Kimya. Haikwambii."

Mimi nachapa wosia, fundi.
Nachapa nani apewe chumba cha uani na nani kisima.

"Na hii ndogo haichakai?"
"Yachakaa. Kila neno uandikalo laila kidogo.
Lakini wewe waandika barua, huandiki sinema.
Itakuzika."
"Basi nipe hiyo itakayonizika."
Akapunguza mia, kwa kucheka.

Alipokuwa akihamisha, nikachungulia hesabu:
miaka kumi na mmoja ya viapo, hati za viwanja vya Likoni,
maombi ya kazi bandarini, mashtaka ya ukuta na jirani,
yote pamoja hayakufika giga tatu.
Shida za watu hazina uzito.
Kilichojaza ile diski ni harusi ya Sudi.

Skrubu nne. Ikawaka.
Sekunde kumi na mbili, na buibui bado limo kichwani.
Diski kongwe nimeiweka juu ya karatasi
zisipeperushwe na feni.

Siku tatu nilijiona meneja.
Ya nne, nikifungua mkoba, nikaiona ile bahasha,
nikamkumbuka mwenyewe,
karani wa forodha, shati limepigwa pasi kwa hasira.
Alikuja na talaka kaiandika kwa kalamu nyekundu,
ataka ichapwe, nakala tatu.
Mashine ikakohoa.
Dakika ya kwanza alisimama mlangoni.
Ya tatu akakaa.
Ya tano akauliza chai ni ya nani.
Ya sita akasema, akiitazama sakafu,
"Mamangu alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akimwosha."
Uso wa mashine ulipotokea, kiti kilikuwa kitupu,
na pesa za nakala tatu mezani.
Hajazirudia. Nilimngoja mwaka mzima.

Leo asubuhi kaja msichana, macho yamevimba,
barua ya kumkana nduguye imekunjwa mara nne.
Mashine i macho tangu saa mbili, yaning'arizia.
Nikaigeuza, uso ukaelekea ukutani.

"Kaa, mwanangu," n'kamwambia,
"chombo hiki ni kizee, chachelewa kuamka.
Chai waitaka na tangawizi, au kavu?"